Ile picha ya suti Cheltenham: hapana sijatajirika, na tipsi sina

Haya jamani, nimesoma meseji zote za grupu la familia na za washkaji wa sekondari tangu niweke ile picha nimevaa suti, nyuma yangu farasi. Maswali ni matatu tu mnayarudia. Nimetajirika lini, nimeanza kamari lini (huyu ni mama mdogo, shikamoo mama), na wengi kabisa, "kaka tupe farasi wa uhakika tuweke mkeka". Najibu hapahapa mara moja maana kumjibu mmoja mmoja siwezi, usiku naingia zamu.

Suti ni mtumba. Ndiyo, na huku mitumba ipo, kuna maduka ya misaada yanauza nguo zilizovaliwa na hela inaenda hospitali au kwa wazee, mle ndani unapata suti ya maana kwa bei ya kula chips mara mbili. Tai niliazima. Sheria ya mavazi hakuna pale, lakini wazungu wa mashambani wanakuja na makoti mazito ya sufu yenye mirabamiraba na kofia bapa, wanawake na mikofia ya manyoya, sasa ukitokea na jaketi la mvua unaonekana umekuja kurekebisha bomba.

Sasa yenyewe ni nini. Cheltenham ni mji jirani na hapa Gloucester, Uingereza, ninapokaa, treni ni muda mfupi tu. Kila Machi kuna siku nne, Jumanne mpaka Ijumaa, mbio 28, saba kila siku, karibu zote za farasi wanaoruka viunzi. Wakenya mnaijua Ngong, lakini pale farasi anakimbia tu kwenye nyasi tambarare, huku anaruka viunzi virefu kama kifua cha mtu huku amebeba joki mgongoni, na mbio kubwa kuliko zote, Gold Cup ya Ijumaa, ni zaidi ya kilomita 5 na viunzi 22, halafu mwisho ni mlima. Wale waliokuwa wanaongoza wakifika ule mlima unaona miguu inakataa kabisa. Waayalandi wanavuka bahari kwa maelfu kuja, na ndio wanaoshinda sana pia, yule fundi wao wa kufundisha farasi, Willie Mullins, alifikisha ushindi wa 100 kwenye tamasha hilo mwaka 2024.

Hela sasa, maana hapo ndipo mnapodhani nimeokota. Tiketi ya chini kabisa, ile sehemu ya Best Mate ambayo mnasimama ng'ambo kutazama jukwaa kubwa la wenye nazo, mwaka 2025 ilizidi pauni 40. Painti moja ya Guinness mwaka huo ilikuwa pauni 7.80, hebu pigeni hesabu wenyewe kwa shilingi halafu mniambie kama mngeinywa au mngeipiga picha tu. Vyumba vya hoteli wiki ile vinapanda mpaka kuna Waingereza wameona bora wapande ndege waende Benidorm, Uhispania, waangalie mbio kwenye TV ya baa huku wanaota jua, na bado wanasema inawatokea nafuu. Ndo maana watu walipungua, mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 280,000 kwa siku nne, 2025 wakashuka mpaka karibu 219,000.

Na niwaambie kitu ambacho picha haisemi. Wiki ile mimi kawaida niko upande wa pili wa meza. Mawakala wa kazi wanatafuta watu kwa fujo, wa kubeba sahani, kuosha glasi, kuokota takataka, na ukiingia jikoni kwenye yale mahema ya watu wa suti unakuta Wabongo, Waghana, Wanaijeria, Wafilipino, unasimama tangu asubuhi giza mpaka jioni giza. Kuna wakala mmoja alikaa na hela yetu mpaka tukaanza kumpigia simu kwa zamu. Hiyo siku ya picha nilikuwa ofu, jamaa ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee alikuwa na tiketi ya ziada, mkewe kaumwa. Ndo hivyo tu wazee.

Lakini nisiwadanganye, nilifurahi. Jumanne ile ya Machi 2025, mbio za kwanza zinapoanza ule umati wote unapiga kelele kwa pamoja, inaitwa Cheltenham roar, unaisikia kifuani. Kisha ukashuke kule kwa wanaopokea beti. Wamejipanga mistari, kila mmoja kasimama juu ya kijukwaa chake, bodi ya taa juu ina majina ya farasi na odds (yaani kila farasi akishinda analipa kiasi gani) zinabadilika ukiwa unaangalia, unampa noti, unataja namba ya farasi, msaidizi wake anabonyeza unapewa karatasi yenye jina la huyo anayepokea beti na odds zako. Odds wanaandika kwa sehemu, 5/1 maana yake weka 1 upate faida 5 na hela yako inarudi, 11/4 weka 4 upate faida 11, na 1/2 weka 2 upate faida 1, hiyo ya mwisho ndiyo ya farasi ambao kila mtu anajua watashinda.

Siku hiyo kwenye mbio moja kubwa kulikuwa na farasi anaitwa Constitution Hill, hajawahi kufungwa hata mara moja, odds 1/2. Pembeni yangu mzee wa Kiayalandi kaweka pauni 200 ili apate 100, anatabasamu kabisa, ananiambia hii ni kama kutoa hela benki. Kiunzi cha tano Constitution Hill chini. Mzee akanyamaza. Sasa mimi pauni 5 zangu nilikuwa nimeziweka kwa State Man, bingwa wa mbio hizo mwaka uliopita, anaongoza vizuri, hakuna anayemfikia, nimeshaanza kupiga hesabu ya chakula, anafika kiunzi cha mwisho kabisa naye chini, yaani kama kufungwa goli dakika ya 94. Akapita Golden Ace, 25/1, ambaye asubuhi hakuna mtu aliyekuwa anamtaja. Farasi wote wawili waliinuka wazima, shukrani, lakini angalieni chini baada ya mbio, karatasi za beti zimetapakaa kwenye nyasi.

Na haikuishia hapo. Ijumaa yake, mbio za farasi wadogo wa miaka minne, akashinda Poniros kwa 100/1, hajawahi kuruka viunzi kwenye mashindano kabla ya siku hiyo. Anayemfundisha ni huyohuyo Mullins, na alikuwa na wengine kadhaa kwenye mbio hizo hizo ambao watu waliwaamini zaidi. Sasa kama beti za watu wanaojua zizi lake zote zilikuwa kwa wengine, mimi ninayeosha glasi nitakupa tipsi gani? Wale wa Telegram wanaouza "fixed" ya farasi kwa elfu ishirini achaneni nao, angekuwa anajua asingehitaji elfu ishirini yako.

Kuna beti moja mnaniuliza, ile each way. Unaweka pauni 5 farasi ashinde na pauni 5 ashike nafasi, yaani awe kati ya wale wachache wa mbele, kwa hiyo umelipa 10, hapo wengi wageni wanashangaa kwa nini hela imekatwa mara mbili. Akiwa 20/1 na akashika wa tatu, ile 5 ya kushinda imekufa, ile ya nafasi inalipwa sehemu tu ya odds, tuseme robo, yaani 5/1, unarudishiwa 30. Ni beti ya waoga na mimi ndiyo yangu. Ila msijidanganye, ukigeuza odds za farasi wote kuwa asilimia ukajumlisha zinapita mia, na kile kinachopita ndicho mshahara wa mwenye bodi, farasi yeyote ashinde.

Kweli huku ushindi haukatwi kodi kama TRA wanavyowakata nyie. Lakini ukiwa unashinda mara kwa mara kwenye apu wanakubana, unaambiwa mwisho wa kuweka ni pauni mbili tatu, aliyepoteza habanwi hivyo. Nawajua vijana wetu hapa mjini wanaopokea mshahara Ijumaa na Jumatatu wanakopa nauli. Tume inayosimamia kamari huku ilizuia kubeti kwa kadi za mkopo tangu Aprili 2020, na kuna kitu kinaitwa Gamstop, unajiandikisha mwenyewe apu zote zenye leseni zinakufungia miezi sita, mwaka au miaka mitano. Jamaa mmoja tulimkalisha chini akajiandikisha mbele yetu, na mkewe ndo aliyeshika simu.

Lingine ambalo hawalionyeshi kwenye picha nzuri, farasi wanakufa. Akivunjika mguu wanasogeza mapazia ya kijani, umati unajifanya hauoni. Pale Aintree, Liverpool, kwenye mbio za Grand National, mwaka 2023 waandamanaji waliingia uwanjani mbio zikachelewa, na bado farasi mmoja akafa kwenye kiunzi cha kwanza. Mwaka uliofuata wakapunguza farasi kutoka 40 mpaka 34. Mimi sina jibu zuri la hilo, naangalia na najisikia vibaya, vyote pamoja.

Mama mdogo, kwa hiyo jibu lako: naweka pauni chache siku moja kwa mwaka, natoka nyumbani na noti zilizohesabiwa na kadi naiacha kabatini, ada ya mdogo wangu ilishatumwa kabla ya Machi, muulize. Kamari ya kwenye simu sina na sitaki.

Na nyie wa mkeka, Grand National ni Jumamosi moja ya Aprili, viunzi 30, karibu kilomita 7, inaanza saa 10 jioni huku, huko itakuwa saa 12. Chagueni farasi kwa jina au rangi ya shati la joki, ndivyo ofisi nzima huku wanavyofanya, mchange buku buku, atakayepata mshindi abebe zote. Msiponitajia nani kashinda hiyo buku nitajua ni Deo na amekimbia nazo.