Kabla hujalala ndani ya vani, lala chini yake kwanza

Maswali ya vani za kugeuza kuwa gari za kulala yamejaa tena, na kama kawaida nusu yake ni lile lile la "vani gani nzuri", halafu mtu hasemi urefu wake, hasemi watalala wangapi, hasemi itapita lami au matope. Nimechagua machache, ambaye hajaona lake ajue limejibiwa humu humu kwa jina la mwenzake.

Vani gani nzuri ya kugeuza kuwa gari ya kulala?

Isiyo na kutu. Twende la pili.

Nina sentimita 183. Nataka HiAce kwa sababu spea zake hazisumbui. Naweza kulaza kitanda kikingame, nibakize nafasi ya jiko?

Huwezi kaka. HiAce ile nyembamba iliyotoka 2004 ina upana wa mita 1.695, na hapo tunapima nje, bado hujatoa bati, bado hujaweka godoro la ukutani la kuzuia joto na baridi, bado plaiwudi. Hata ile pana ni mita 1.88 kwa nje. Kwa hiyo utalala kwa urefu wa gari, na kitanda kitakula karibu mita mbili katika zile mita tatu hivi ulizonazo nyuma, jiko litabaki kona na wewe utapika umeinama.

Ukitaka kulala umekingama angalia Fiat Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper, hizo bodi yake ni moja, beji ndizo tofauti. Kuta zake zimesimama wima, ndani pale kati, ubavu hadi ubavu, unapata kama mita 1.87. Ila zinavuta kwa mbele, ukizipakia uzito wote nyuma halafu ukute kilima chenye utelezi, magurudumu ya mbele yanasaga tu gari haiendi.

Halafu kwenye HiAce hiyo ya 2004 injini iko chini ya siti za mbele. Fundi akitaka kuifikia anainua siti, kwa hiyo ukisogeza kabati mpaka limegusa mgongo wa siti utakuja kulibomoa siku ya sevisi ya kwanza. Nimeona watu wazima wakilia.

Na nyote, si huyu tu: chukua chaki, chora vipimo vya ndani sakafuni kwako, ulale humo usiku mmoja. Chaki haina gharama.

Kutu kidogo chini ya mlango, muuzaji anasema ni ya juu juu. Nipige rangi niendelee?

Hili ndilo linanipandisha presha. Kutu unayoiona ni ile iliyoamua kutoka nje kukusalimia, wenzake wako ndani wanaendelea na kazi.

Vani yangu ya kwanza ilikuwa inang'aa, na chini ilikuwa imepakwa ile dawa nyeusi nzito ya kuzuia kutu, mbichi, bado inanukia. Mimi nikafurahi nikasema mwenye gari alikuwa mtunzaji. Miezi miwili baadaye nimeshafunga sakafu, nimeweka kabati, natoboa tundu la bomba la maji machafu, drili ikapita kama inatoboa biskuti. Nikachukua bisibisi nikaisukuma kwa mkono tu pembeni ya chesi ikazama mpaka mpini. Nilibomoa kila kitu. Dawa nyeusi mbichi kwenye gari kuukuu inayouzwa, mimi naichukulia kama mtu aliyejipulizia manukato kabla ya kwenda kwa daktari.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo, kipande cha turubai, tochi na bisibisi. Pitisha sumaku kwenye vizingiti vya milango na juu ya magurudumu, ikikataa kushika ujue hapo ni puti. Lala chini uangalie chesi na sehemu springi zinaposhikia. Inua mazulia ya mbele. Angalia kingo za kioo cha mbele na reli ya mlango wa kuteleza, ndiko maji yanakaa. Muuzaji akikukatalia kulala chini, mshukuru, amekuokolea hela. Injini unaweza kuishusha ukaweka nyingine, lakini bodi iliyooza utachomelea leo hapa kesho pale mpaka uchoke.

Bora yenye kilomita 120,000 au yenye 300,000?

Bora yenye historia. Vani ya kusambaza vifurushi inazimwa na kuwashwa kutwa nzima, klachi inachoka, na kama ni dizeli ya kisasa ule mtungi wa kuchuja masizi unaziba kwa sababu haupati joto la safari ndefu. Iliyokula barabara kuu inaweza kuwa na kilomita mara mbili na bado ikawa nzima kuliko hiyo.

Ukiangalia Ford Transit yenye injini ya EcoBlue ya lita 2.0, iliyoanza 2016, ulizia mkanda wa taiming. Unazunguka ndani ya oili, na oili ikicheleweshwa unameguka vipande vinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, injini inakosa oili. Usikubali maneno, taka risiti za oili. HiAce ya dizeli ya lita 3.0 nayo waulize kuhusu washa za nozeli, zile pete ndogo zinazoziba pembeni ya vipulizia dizeli, zikivuja masizi yanaingia kwenye oili na mwisho wake unafanana.

Minibasi ya vioo au vani ya mizigo?

Ya mizigo, vioo vinaingiza joto mchana, vinatoa jasho usiku na vinavuja mpira ukichoka. Lakini kama una watoto, minibasi, kwa sababu siti na mikanda yake imefungwa kiwandani. Benchi la mbao la ubavuni bila mkanda, mtoto kakaa juu yake, gari inatembea: usiniletee picha yake tena.

Imeandikwa tani 3.5, si ndiyo mzigo ninaobeba?

Jamani. Hiyo ni pamoja na gari yenyewe, dizeli, wewe na mkeo na sufuria. Lita 100 za maji ni kilo 100. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, milimita 12, ni kilo ishirini na kitu, na mtazitumia nyingi. Betri ya asidi ya 100Ah inakaribia kilo 30, ya lithiamu kama 12. Na nchi nyingi leseni ya kawaida inaishia hizo kilo 3,500. Ipeleke mizani ikiwa tupu, tanki limejaa, kabla hujagonga msumari wowote.

Vipi Kombi ya zamani?

Nunua kama unapenda spana kuliko usukani.

4x4 ni lazima?

Hapana. Weka tairi nzuri.

Nimeshanunua, nianze na nini?

Sasa ndiyo unauliza. Haya, ingia ndani na tochi, funga milango, mwambie mtu aimwagie maji ya mpira kuanzia juu ya paa, dakika kumi. Penye tone weka alama. Ukishapiga plaiwudi hutaliona tena mpaka mbao zivimbe.