Spika za mlango kwenye Toyota IST: kipi ufunge mwenyewe, kipi umwachie fundi

Mkuu, nimesoma swali lako. Spika za mbele za IST zinakwaruza, duka la hapo Tabora mjini linakuuzia za inchi 6.5 zilizoandikwa wati 500, na fundi anataka kuvuta nyaya mpya mpaka milangoni. Unauliza ufunge mwenyewe au umpe yeye.

Spika za milango funga mwenyewe. Amplifaya, kama utaiweka, mpe fundi umeme wa magari, na usimame hapo hapo akifanya. Mlango unataka subira kuliko utaalamu, na fundi mwenye magari matano kwenye foleni hana subira ya kukupa. Kwenye amplifaya kosa moja la waya linaweza kuunguza gari.

Kabla ya kununua, hakikisha mbovu ni spika. Kwenye redio, peleka balansi (sauti ya kushoto na kulia) upande mmoja, kisha mwingine. Ikikwaruza popote unapoipeleka, hata kwa sauti ndogo, shuku redio. Ikikwaruza upande mmoja tu, toa spika hiyo, sukuma koni (ule uso unaotikisika) taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili imegusa sumaku; hiyo haitengenezeki kwa bei ya maana.

Zile wati 500 zisahau, ni namba ya kwenye boksi. Angalia iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu. Redio ya dashibodi, hata ikijinadi 50x4, inatoa kama wati 15 hadi 20 RMS kwa kila spika. Kwa nguvu hiyo kinachokusaidia ni usikivu wa spika, ule unaoandikwa kwa dB: chukua 90 kwenda juu. Spika inayozidi mwenzake kwa dB 3 ni kama umeongeza nguvu ya redio mara mbili, bure. Ukinzani wake uwe omu 4. Za omu 2 zitaichosha redio na kuipasha moto. Koni iwe ya plastiki, maana mvua inapita ndani ya mlango kila siku ya masika na karatasi itavimba.

Halafu kina. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, hasa wanaoagiza Kariakoo na mzigo ukaja kwa basi. Teremsha kioo mpaka mwisho, pima kutoka uso wa bati la mlango hadi kwenye kioo, punguza milimita 5. Sumaku isizidi hapo. Spika nyingi za Toyota zimeumbwa pamoja na kikombe chake cha plastiki, kwa hiyo ukiweka spika ya kawaida utahitaji ringi ya kuinyanyua. Tabora hili si tatizo: mpelekee seremala spika ya zamani akukatie ringi mbili za mninga, unene milimita 18, tundu la katikati lifuate kipimo cha spika mpya. Zipake vanishi pande zote pamoja na ndani ya matundu ya skrubu. MDF (mbao ya unga uliogandamizwa) usikubali, ikinywa maji inafumuka kama mkate.

Kufungua: toa waya hasi wa betri kwanza. Skrubu ziko nyuma ya kishikio cha kufungulia mlango na ndani ya sehemu ya kuvutia. Nyingine hufichwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Toa pembetatu ya kwenye kioo cha pembeni, kisha vuta paneli kuanzia kona ya chini, klipu moja moja, halafu inyanyue juu. Nunua klipu sita za akiba kabla hujaanza, zitavunjika. (Wenye Probox ya kioo cha kuzungusha: pitisha kitambaa nyuma ya mkono wa kuzungushia, kivute huku na huku kama unang'arisha kiatu, kile kipini kitaruka. Angalia kinakoangukia.) Plagi ya njano ukikutana nayo usiiguse, ni ya eabegi.

Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi kama lami. Usiichane. Ivute polepole asubuhi gundi ikiwa ngumu. Jua la saa nane linaifanya ivutike kama jojo na kukuchafulia kila kitu. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia maji yasiingie kwenye kapeti, na gari nyingi zinazonuka ukungu baada ya kufungwa muziki chanzo ni hapo.

Spika za zamani zikiwa na ribiti, toboa vichwa kwa drili ya milimita 5 na uchote chenga zote za chuma kabla hazijafuata sumaku.

Nyaya mpya hazihitajiki. Wati 20 kwenye omu 4 ni ampea 2 na kidogo, waya wa Toyota unabeba bila shida. Kuzivuta upya ni kupasua ule mpira wa kwenye bawaba, na maji yatapitia hapo. Tumia plagi ya kuungia, au lehemu kwa risasi na uvalishe mpira wa kusinyaa. Tepu peke yake itaachia kwa joto. Waya hasi wa spika usiguse bodi kabisa. Kwenye redio za sasa nyaya zote mbili zina umeme, kila mmoja kama volti 6 ukipima na bodi; skrubu moja ikitoboa waya huo, sehemu ya redio inayoendesha spika inaweza kuungua.

Mguu mpana wa spika ni chanya. Ukiwa na shaka, gusisha betri ya volti 1.5 mara moja: koni ikiruka kwenda mbele, upande uliogusa chanya ndio chanya. Ukigeuza nyaya za spika moja tu, besi inapotea na utaanza kulaumu spika.

Kisha ziba, na hapa usiwe na haraka. Weka sponji ya kujibandika kati ya ringi na bati, nyingine mbele ya spika igusane na paneli. Bandika karatasi ya butili (mpira mzito unaonata) yenye foili kwenye bati la nje, nyuma ya spika. Robo ya eneo inatosha. Gonga kwa kidole kabla na baada: mlio wa debe unageuka wa mbao. Lami ya kuezekea acha, kwa jua la Oktoba itateleza na kunuka. Matundu ya chini ya mlango yabaki wazi, maji yatokee.

Jaribu muziki na pandisha kioo mara tatu kabla ya kurudisha paneli.

Ukiweka amplifaya ya wati 50 RMS mara nne, hesabu ampea 18 hivi kama ni ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi. Dai waya wa milimita 8 za mraba na fyuzi ya ampea 30 isiyozidi sentimita 45 kutoka betri. Kwangua ncha ya waya kwa wembe dukani: ukiona nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, usichukue.

Pima kile kina, weka namba hapa pamoja na modeli ya spika kabla hujalipa.