Anza na don't, I'm itafuata

Wazazi wengi huniuliza kwa nini mtoto anayesoma Kiingereza vizuri, hata anayekizungumza bila kusita, bado anaandika do'nt na is'nt. Nimefundisha gredi za chini hapa Kenya kwa miaka mingi, na kosa hilo nimelikuta katika madaftari ya watoto werevu kabisa. Si uzembe. Mtoto anafuata kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia mwenyewe: anaamini ritifaa, yaani alama hii ('), huwekwa pale maneno mawili yanapokutana. Do huku, not kule, ritifaa katikati.

Mara nyingi kanuni hiyo hutokana na mpangilio wa somo. Tukianza na I'm, she's na we'll, herufi zinazodondoka ziko pale pale kwenye kiungo cha maneno mawili, kwa hiyo kanuni ya mtoto inafanya kazi na hapati wa kumsahihisha. Akifika kwenye don't, herufi iliyotoka ni o ya not, na kiungo kimeshapita. Hapo ndipo anapokwama. Kwa hiyo ninashauri tuanze na jamii ya not: don't, isn't, didn't, hasn't. Mtoto aliyeelewa kwamba ritifaa inakaa palipotoka herufi hatasumbuliwa na I'm.

Tukumbuke pia kwamba mtoto wetu haji darasani akiwa hajui kitu. Alama hii ameiona katika ng'ombe na ng'oa, ambamo hakuna herufi iliyodondoka. Inaonyesha sauti tu. Na kufupisha anakujua, maana Kiswahili hufupisha kila siku bila alama yoyote: na mimi huwa nami, mke wake huwa mkewe, mwana wangu huwa mwanangu. Anayeandika dont na cant anaandika jinsi lugha yake ilivyomzoesha. Mimi huanza somo papo hapo. Nawaomba watoto waifumue mwanangu, wanaifumua kwa furaha, kisha nawaambia Kiingereza nacho hufupisha, lakini hudai alama mahali pa kilichotolewa. Washairi wetu hufanya vivyo hivyo wanapotafuta mizani: huandika n'takuja badala ya nitakuja, na ritifaa hushika nafasi ya i. Kule sekondari huitwa inkisari. Mtoto wa gredi ya tatu hahitaji jina hilo, ila mfano wenyewe anauelewa mara moja.

Baada ya hapo, mikono ifanye kazi. Kusanya vifuniko vya soda, andika herufi moja juu ya kila kimoja, na uwe na punje chache za mahindi. Mtoto anapanga d-o-n-o-t, anaiondoa o ya pili, anaweka punje moja juu ya pengo, anasogeza vilivyobaki, kisha anaandika neno daftarini. Usimruhusu aandike kabla ya kupanga. Kwenye cannot ataondoa herufi mbili, n na o, na bado ataweka punje moja tu; mwache aulize kwa nini, kwa sababu swali hilo linampeleka mahali pazuri: ritifaa haihesabu herufi, inaonyesha pengo.

Won't haifuati njia hii. Ukiondoa o kwenye will not hupati won't, na mtoto makini atakuambia hivyo. Mjibu ukweli: zamani Waingereza walikuwa pia na umbo wol, na won't ilitoka huko. Aikariri tu.

Its na it's nazitenga kabisa, wala sizifundishi katika wiki moja. Vivyo hivyo ritifaa ya umiliki, ile ya Amina's book, naiacha mpaka hii ya kufupisha iwe imetulia. Wakati wake ukifika, kipimo ni kusoma kwa kirefu. The dog wagged it is tail: mtoto akisikia sentensi imevunjika, anajua ritifaa haikai hapo. Kipimo hicho kinamsaidia pia kwenye they're na their, na kwenye he's, ambayo mara huwa he is, mara he has. Yule anayeandika I'm is happy naye hupona kwa njia hiyo, kwa sababu akisoma I am is happy anajisikia mwenyewe.

Kuna jambo ambalo naona linasahauliwa sana: mahali pa kutofupisha. Mtoto akiulizwa Are you ready?, atajibu Yes, I am. Yes, I'm haisemwi, ingawa No, I'm not inasemwa. Na barua kwa mwalimu mkuu huandikwa kwa maneno kamili, ilhali maongezi ndani ya insha hupendeza yakifupishwa, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema.

Mzazi, ukikaa naye jioni kumsaidia, usimwandikie neno sahihi juu ya lile alilokosea. Lizungushie duara, umwombe aandike pembeni maneno mawili kamili, kisha akuonyeshe kwa kidole herufi iliyotoka. Akishaionyesha, mpe kifutio arekebishe mwenyewe.