Laki tatu za Uingereza: jibu kwa wanaouliza kutoka Kisumu na Busia

Swali ambalo sisi Wakenya tulio Uingereza huulizwa kila mara kutoka nyumbani ni hili: "Mtu analipwa zaidi ya shilingi laki tatu kwa mwezi huko Uingereza, anawezaje kutuambia hana kitu?" Ni swali la haki, na linastahili hesabu badala ya malalamiko. Huyo mtu anaweza kuwa anasema kweli, na anaweza kuwa anawaficha. Kuzidisha pauni kwa shilingi hakuwezi kuwaonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.

Tuzifungue hizo laki tatu. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa. Saa 37.5 kwa wiki, wiki 52, ni pauni 23,809 kwa mwaka, yaani 1,984 kwa mwezi. Tukichukua pauni moja kuwa shilingi 170, tunapata kama 337,000, na hapo ndipo hesabu ya nyumbani huishia. Sasa kata. Pauni 12,570 za kwanza za mwaka hazitozwi. Zinazozidi hapo huondolewa asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 8 ya bima ya taifa. Zinabaki 1,722 kwa mwezi, na pensheni bado haijaguswa.

Chukua mfano wa anayeishi peke yake katika mji wa kawaida nje ya London: nyumba ya chumba kimoja cha kulala 900, kodi ya halmashauri 120, gesi, stima na maji 160, basi 80, chakula 250. Mkononi zimebaki pauni 212, kama shilingi 36,000. Hizo ndizo zinazongojwa na karo ya mdogo wake, matanga, michango ya chama, simu, viatu vya baridi na deni la nauli iliyomleta. Akikubali kupanga chumba tu katika nyumba ya kushirikiana, zitabaki zaidi, na ndiyo sababu wengi wetu huishi hivyo hata baada ya miaka mingi.

Je, huyo ni maskini? Inategemea ana vinywa vingapi, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Uingereza hupanga watu wote kwa kipato cha kaya zao, kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kikubwa, hutazama yule aliyesimama katikati kabisa, kisha huhesabu kuwa maskini kila aliye katika kaya iliyo chini ya asilimia 60 ya kipato cha huyo wa katikati. Lakini kabla ya kupanga, kila kipato hugawanywa kwa ukubwa wa kaya. Mtu mzima wa kwanza ni 0.67, wa pili 0.33, mtoto aliye chini ya miaka 14 ni 0.20. Tukiacha kando kodi ya halmashauri na misaada ya serikali, mseja wetu mwenye 1,722 anagawanya kwa 0.67 na kuhesabiwa kana kwamba ana 2,570. Mwenzake mwenye mshahara uleule, ila ana mke asiye na kazi na watoto wawili wadogo, anagawanya kwa 1.4 na kushuka hadi 1,230. Hati zao za mshahara zinafanana hadi senti ya mwisho, ilhali maisha yao hayafanani. Hesabu hiyo hutolewa mara mbili, kabla ya kodi ya nyumba na baada yake. Mimi huamini zaidi ile ya baada, kwa sababu nyumba ndiyo inayommaliza mpangaji.

Yako mambo mawili ambayo kipimo hicho hakiyaoni. Kwanza, fedha unazotuma nyumbani haziondolewi kwenye kipato chako. Pauni 200 zilizokwenda kwa mama Busia bado zinahesabiwa kana kwamba umezila wewe. Pili, viza. Wengi wetu tuna sharti la kutogusa misaada ya serikali, hivyo mtu akipoteza kazi hana msaada wa kuangukia alio nao jirani yake raia. Na kwa viza nyingi za kazi kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka, inayolipwa mapema. Viza ya miaka 3 ni 3,105 kabla hujafungua begi. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa ada hiyo.

Kenya hupima kwa njia nyingine, na ina sababu nzuri. Badala ya kipato, Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huuliza kaya imetumia nini, kwa kuwa mwenye shamba, samaki au bodaboda hana hati ya mshahara. Mahindi ya shambani mwako, omena uliyopewa na shemeji na pesa za M-Pesa zilizogeuka unga, vyote huingia. Katika utafiti wa 2015/16 mstari wa umaskini ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja mashambani na 5,995 mjini. Mtoto wa hadi miaka 4 alihesabiwa 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 akawa 0.65. Kaya ya Busia yenye baba, mama na watoto wa miaka 3, 7 na 10 ni watu wazima 3.54, kwa hiyo mstari wake ulikuwa kama shilingi 11,500 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho, asilimia 69.3 ya watu wa Busia walikuwa chini ya mstari, na Kisumu asilimia 33.9.

Kwa hiyo tusichanganye. Maskini wa Uingereza ameachwa nyuma na jamii yake. Maskini wa Busia huenda hana chakula cha kumtosha. Anayewaambia kuwa hali hizo mbili ni sawa hawatendei haki watu wa Busia.

Kipo kipimo cha tatu, kile cha umaskini wa pande nyingi, na nakipenda kwa sababu kinaingia ndani ya nyumba. Hutazama mambo 10 ya afya, elimu na hali ya maisha, na anayekosa theluthi moja au zaidi ya uzito wote ni maskini. Fikiria nyumba ya kupanga Nyalenda, mtaa wa Kisumu: tokeni za stima zipo, lakini wanapikia makaa, choo ni cha ploti nzima, sakafu ni ya udongo. Kila kimoja ni sehemu 1 ya 18, jumla 3. Bado hawajafika. Mtoto mmoja wa shule ya msingi akikaa nyumbani, anaongeza 3 kwa mpigo: ni 6 kati ya 18, theluthi kamili. Mshahara wa baba unaweza usibadilike hata shilingi moja. Sisi huku tungepata sifuri katika kipimo hicho, na upweke hakiuulizi.

Ukitaka kujua hali ya ndugu yako aliye ughaibuni, muulize kwa upole: baada ya kodi ya nyumba hubakiwa na ngapi, wanakula wangapi, viza yake inaruhusu nini. Na karani wa KNBS akibisha hodi kwako kwa utafiti, usimfiche pesa zinazotoka kwetu kwa kutumaini kuandikwa Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Utafiti huo hauchagui wa kupewa, na majibu yako yanalindwa na sheria. Akikuuliza mahindi mliyokula, usiseme "gorogoro tatu" tu. Baadhi ya gorogoro za sokoni, yale makopo ya kupimia nafaka, huwa zimebonyezwa kitako ili zipokee kidogo, na karani asipojua hilo, mtaandikwa mmeshiba. Mtolee kopo lenyewe alione.