Miaka miwili nilijenga ukuta nikiuita utando

Wiki iliyopita makala yangu ya utafiti kuhusu utando wa betri imekubaliwa, baada ya majarida matatu kuitupa nje. Sijifichi, barua ile nimeisoma mpaka nimeikariri. Siku hiyohiyo msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka, utando wangu unavujisha vanadi kila nikijaribu. Niongeze unene au niachane na utafiti?" Ndugu yangu, kaa kitako nikusimulie, maana swali lako ndilo lililonila miaka miwili.

Betri ya mtiririko unaijua: matangi mawili ya elektroliti (kimiminika kinachobeba chaji), pampu, na utando katikati ya seli. Ioni za vanadi, yaani chembe zenye chaji za metali inayohifadhi umeme humo, zikivuka, chaji inapotea bure. Protoni (ioni za hidrojeni) nazo zisipovuka, betri imekufa. Vanadi ina nafuu yake, kwa kuwa pande zote mbili ni elementi ileile, hivyo zikichanganyika unasawazisha elektroliti na kuendelea. Betri za chuma na kromi zilizofanyiwa kazi NASA miaka ya 1970 hazikuwa na bahati hiyo. Ndiyo maana betri ya vanadi ya Maria Skyllas-Kazacos na wenzake kule University of New South Wales, miaka ya 1980, ilibadilisha mambo.

Mimi sikutaka nafuu. Niliapa hakuna ioni hata moja ya vanadi itakayopita. Nikaacha Nafion 212, utando wa dukani wenye unene wa mikromita 51 hivi, nikachukua Nafion 117 yenye 183. Haikunitosha, nikaipaka tabaka nene lenye chaji chanya ili lizisukume ioni nyuma. Ufanisi wa chaji, yaani sehemu ya chaji inayorudi ukitumia betri, ukapanda, nami nikatembea kifua mbele hadi siku ya kuwasilisha. Profesa mmoja akaitazama grafu ya volteji, akasema: "Hapa umejenga ukuta." Ukumbi mzima ukacheka. Alikuwa sahihi, ila angeweza kuniita pembeni.

Ukinzani, yaani ugumu wa protoni kupita kwenye utando, ulikuwa umepanda kiasi kwamba nikiongeza mkondo, volteji inazama. Ufanisi wa nishati ni ule wa chaji mara ule wa volteji, na mimi nilikuwa nimeulisha mmoja kwa kumnyima mwenzake. Nilianza na utando wa kawaida, nikaishia na kitu kibaya kuliko huo.

Kwa hasira nikakimbia maabara, nikawa nakaa nyuma kwenye darasa la siasa za nje la rafiki yangu. (Kiyoyozi chao kilikuwa kizuri.) Siku moja walisoma Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Ibara ya 9 inairuhusu nchi kumtangaza mwanadiplomasia kuwa mtu asiyetakiwa, bila hata kutoa sababu, na ubalozi ukabaki wazi. Ibara ya 45 inakwenda mbali zaidi: hata uhusiano ukivunjika, nchi ya tatu inaweza kukabidhiwa maslahi yako. Marekani ilipovunja uhusiano na Iran mwaka 1980, Uswisi ndiyo iliyochukua kazi hiyo Tehran. Nikaduwaa. Hata mahasimu wale waliacha njia ya ujumbe kupita, na mimi nimeziba hadi protoni!

Nilirudi na utando mwembamba, tabaka la chaji chanya likiwa jembamba mno juu yake, nikikubali vanadi kidogo ivuke. Miezi iliyofuata naiacha, ilikuwa kuosha seli na kubadilisha mipira iliyovuja.

Vijana, acheni kuabudu namba moja pekee! Nasema tena, namba moja itakudanganya. Pima uvujaji na ukinzani kwa pamoja. Na usishangilie mizunguko ya kuchaji na kutumia ya siku ya kwanza, kwani vanadi ya hali ya tano ina uwezo mkali wa kuoksidisha na hutafuna polima ya utando polepole. Subira, subira, subira.

Basi wewe uliyeniandikia, unene usiguse. Nitumie namba zote mbili, za kipande kimoja kilekile, ndipo tuzungumze habari ya kuacha. Jina la profesa usiniulize.