Wanzuki Bila Asali, na Maswali Mengine ya Vilabuni

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi hapa Tabora mjini, moja Sikonge na moja Ujiji, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: pombe zetu za kienyeji zimepatwa na nini. Waliouliza bei ya kata moja ya pombe mtaa kwa mtaa wanisamehe. Hilo mtu huuliza mlangoni mwa kilabu.

Swali: Niliondoka Isevya mwaka 1998. Niliporudi mwaka huu nilikunywa wanzuki katika vilabu vitatu na ladha si ile ninayoikumbuka. Je, ni mimi nimezeeka au ni pombe?

Jibu: Ni pombe. Nzuki, kwa Kinyamwezi, ni nyuki, na kinywaji kilichopewa jina hilo kilikuwa asali iliyozimuliwa kwa maji, ikatiwa vipande vya masega vyenye chavua na makinda ya nyuki, kisha ikaachwa mahali penye joto hadi iumuke. Siku hizi sehemu kubwa ya kile ninachouziwa mjini kwa jina hilo ni maji, sukari, hamira ya mkate na majani ya chai ya kutia rangi.

Mwaka jana nilikaa asubuhi nzima uani kwa mama mmoja wa Ng'ambo ambaye amekuwa mpika pombe tangu kabla sijaoa. Alimimina sukari katika pipa la plastiki la bluu, akakoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, kisha akakamulia humo kitambaa alichofungia majani ya chai yaliyochemshwa, na yale maji yakageuka rangi ya asali mbele ya macho yangu. Nilipomuuliza asali yenyewe iko wapi, alicheka. "Baba, asali inapita hapa ikienda Dar. Mteja wangu anakuja na mia tano, na asali haiijui mia tano."

Simlaumu kwa hesabu yake. Ninachomdai ni jina. Mbege ikipikwa bila ndizi, hakuna Mchaga atakayekubali kuuziwa kwa jina la mbege, lakini sisi, tunaoishi katikati ya miombo na tulio na chuo cha ufugaji nyuki hapa hapa mjini, tumekubali wanzuki isiyo na nyuki na tunalipa bila kuuliza. Hata hiyo hesabu wapikaji wengi huikosea, kwa kuwa hulinganisha lita ya asali na kilo ya sukari. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, na asilimia 80 hivi ya uzito huo ni sukari. Maana yake, ndani ya lita moja kuna zaidi ya kilo moja ya sukari. Asali bado ni ghali zaidi, sikatai, ila pengo ni dogo kuliko linavyoonekana, hasa kwa ile asali nyeusi iliyochanganyika na masega yaliyovunjika, ambayo wafungashaji huikwepa ilhali kwa pombe ndiyo bora.

Swali: Kwa nini wanzuki, ambayo watu huiita pombe laini, inaniangusha kuliko bia ya chupa?

Jibu: Kwa sababu hakuna aliyeipima. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja, zikichachuka zote, hutoa takriban asilimia moja ya kileo. Mpikaji akitia lita moja ya asali katika lita kumi za maji atapata pombe ya asilimia sita hivi, juu kidogo ya bia nyingi za chupa. Akitia lita hiyo hiyo katika lita nne, anaweza kufika asilimia kumi na mbili au zaidi, na hiyo si bia tena bali ni mvinyo, nawe unaunywa kwa kopo la nusu lita. Tangu viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, baadhi ya wauzaji wanashindana kuwapata wale wateja waliozoea kulewa haraka, na njia yao ni kuongeza sukari. Utamu wa wanzuki huficha ukali, kwa hiyo usiupime kwa ulimi.

Swali: Tafadhali rudia namna ya kupima asali safi kwa kijiti cha kiberiti.

Jibu: Sirudii, kwa sababu sijawahi kufundisha upuuzi huo. Kijiti kilichochovywa katika asali kikiwaka, umejua tu kwamba hakikulowa maji. Sharubati nzito ya sukari nayo itakiacha kiwake. Wala asali iliyoganda si lazima iwe imechakachuliwa, maana asali nyingi halisi huganda zenyewe. Hili nimeliandika mara nyingi kiasi kwamba aliyekata vipande vya gazeti angekuwa na faili zima.

Swali: Pombe ya asali ni dawa ya vidonda vya tumbo?

Jibu: Hapana.

Swali: Huku Sikonge jirani yangu hutia kijiko cha mbolea katika wanzuki ili iwahi kuchachuka. Anasema ni utaalamu. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli kwamba kuna sababu nyuma ya tendo lake, na ndiyo maana ni la hatari, kwa kuwa linafanya kazi. Asali ina sukari tele lakini ina naitrojeni kidogo sana, na hamira bila naitrojeni hudumaa. Pombe ya asali tupu inaweza kukaa wiki kadhaa ikisuasua. Wazee walilijua hilo bila kulitaja kwa jina la kemia, wakatia masega yenye chavua na makinda, ambayo ni chakula kamili cha hamira. Jirani yako amechukua njia ya mkato. Mbolea ya shambani haitengenezwi kwa usafi wa chakula, na mbolea ya urea ikikaa pamoja na kileo huweza kutengeneza urethani, kemikali inayohusishwa na saratani. Mwambie achukue masega ya bure kwa mrina asali, ayatie humo, na awe na subira.

Kwa kuwa mbolea imetufikisha kwenye mashamba ya tumbaku ya huko Sikonge, niongeze ambalo hukuuliza. Chunguza pipa kabla ya kuchunguza pombe. Pipa lililowahi kubeba kiuatilifu halisafishiki kwa sabuni wala kwa majivu, na pombe, kwa uchachu na kileo chake, hukaa humo siku nyingi ikinyonya kilichojificha katika plastiki. Mimi nikiliona pipa lenye mabaki ya lebo ya kiwandani yaliyokwanguliwa, naaga.

Swali: Nielekeze namna ya kutengeneza mtambo mdogo wa gongo, kwa matumizi ya nyumbani tu.

Jibu: Sikuelekezi. Sheria ya mwaka 1966, ambayo huiita gongo kwa jina la moshi, hairuhusu kuitengeneza bila leseni, na "matumizi ya nyumbani" ni maneno ya kumwambia hakimu.

Swali: Sisi wa Ujiji tuna rubisi ya ndizi, nayo huharibika baada ya siku chache. Je, tunaweza kuifunga katika chupa tukauza hata Dar es Salaam?

Jibu: Inawezekana, na Banana Investments ya Arusha imekuwa ikiuza pombe ya ndizi katika chupa kwa miaka mingi, wakati sisi wa magharibi tunaendelea kuibeba yetu kwa madumu. Lakini anza na pombe yenyewe kabla ya lebo. Rubisi, kama wanzuki na komoni, ile pombe ya nafaka, huuzwa ikiwa hai. Hamira bado inafanya kazi na inatoa hewa ya kaboni dioksidi. Niliwahi kujaza wanzuki katika chupa kumi za soda siku ya tatu, nikazifunga kwa fahari na kuzipanga chini ya kitanda. Usiku wa pili tatu zilipasuka, na mke wangu alidhani tumevamiwa. Subiri uchachukaji uishe kabisa, chuja, kisha pasha chupa zilizofungwa katika maji ya nyuzi joto 60 hadi 65 kwa muda wa nusu saa hivi.

Baada ya hapo ndipo uende SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa barua ya utambulisho, TBS kwa alama ya ubora, halmashauri kwa leseni ya vileo, na TRA kwa stempu za kodi. Wengi huanza na lebo yenye picha ya twiga na kumaliza na shehena iliyozuiwa. Nitafurahi sana ukifanikiwa, kwa sababu vijana wanaosifia bia za viwanda vidogo vilivyoanza Dar es Salaam huongea kana kwamba pombe inayopikwa kwa mikono ililetwa nchini juzi.

Swali: Mahindi yangu yameota ukungu. Hayafai kwa ugali. Je, nipikie komoni?

Jibu: Usithubutu. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Machicha yake pia usimpe nguruwe. Fukia.

Swali: Basi tutajie kilabu kimoja hapa mjini kinachouza wanzuki ya asali.

Jibu: Nikikitaja leo, kufikia Jumamosi kitakuwa kinapika kwa sukari ili kuwatosheleza. Nenda mwenyewe asubuhi, kabla wateja hawajaja, umwombe mama mwenye kilabu akufunulie pipa. Penye asali utaona utando wa nta ukielea juu. Usidanganywe na nyuki mlangoni, maana nao siku hizi huja kwa ajili ya sukari.