Fundi Anajibu: Namba mpya nimeweka, ya zamani bado inafungua

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina nyumba Tabata Segerea, vyumba vinne vya wapangaji na mlango mmoja mkubwa wa kuingilia. Mwaka jana nilichoka kuchongesha funguo kila mpangaji anapopoteza wake, nikaita fundi akafunga kitasa cha umeme chenye kibao cha namba. Mwezi uliopita mpangaji mmoja alihama na hatukuachana vizuri. Kesho yake nikachukua karatasi aliyoniachia fundi, nikaweka namba mpya, ikafungua, nikawapa waliobaki. Juzi saa nne usiku nikasikia kibao kinalia, natoka namkuta yule aliyehama yuko koridoni, eti amefuata ndoo zake. Kaingia kwa namba ile ile ya zamani! Nimekosea wapi? Na jambo la pili: umeme ukikatika naukuta mlango uko wazi. Ni ubovu?
Mama mwenye nyumba, Tabata

JIBU: Mama yangu, pole sana kwa mshtuko wa usiku ule. Vidole vyako havikukosea. Shida ni kwamba karatasi yako, nina hakika, ilikufundisha kuongeza namba, na wewe ulitaka kubadilisha. Kwenye vibao hivi, hayo ni mambo mawili.

Chukua lile daftari lako la kodi. Kila mpangaji ana mstari wake. Akija mpya unamwandika mstari unaofuata, lakini jina la aliyehama linabaki pale mpaka ulikate kwa kalamu. Kumbukumbu ya kibao iko hivyo hivyo, na ina mistari mamia. Namba ya zamani ilikuwa mstari wa 1, wewe ukaandika mpya mstari wa 2. Kibao kikatii zote mbili.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kukata ule mstari. Kwenye vibao vingi vinavyouzwa Kariakoo, unabonyeza nyota, unaingiza namba ya masta (ile namba kuu ya kufungulia mipangilio), unamalizia na reli (#). Taa ikibadilika, uko ndani ya mipangilio. Hapo 1 huwa ni kuongeza mtu, 2 ni kufuta. Ubonyeze 2, kisha namba ya mstari, kisha reli. Lakini si vibao vyote vinafuata mpangilio huo, kwa hiyo lishike karibu lile karatasi, na kama kijitabu cha kwenye boksi bado kipo, hicho ndicho ukisikilize. Kama hujui nani yuko mstari gani (na nadhani hujui, kwa sababu fundi hakukuandikia), vingi vina amri ya kufuta watu wote kwa mkupuo. Itumie, uanze upya.

Na safari hii usiwape wote namba moja. Kila chumba kiwe na namba yake na mstari wake: chumba cha kwanza mstari wa 1, cha pili mstari wa 2, na uandike kwenye daftari la kodi mstari, bila kuandika namba yenyewe. Siku mtu akihama unafuta mstari wake tu, wengine hawasumbuliwi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye masta, maana hapa ndipo roho yangu inapouma. Masta haifungui mlango, inafungua mipangilio. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa 123456, nyingine 888888 au 999999. Itazame karatasi yako. Kama imeandikwa moja ya hizo na hujawahi kuibadilisha, basi yeyote anayezijua anaweza kujiandikia mstari wake mwenyewe, na wewe utafuta weee bila kumpata.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga kibao kwenye duka la nguo Sinza, masta nikaiacha kama ilivyotoka kwenye boksi ili mwenye duka asije akaisahau. Kijana aliyeachishwa kazi alijiongezea namba, akarudi mchana wenzake wakiwa wamekwenda kula, akaondoka na mauzo ya siku mbili. Hakuvunja hata kioo. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama, na fedha ile sehemu nililipa mimi. Tangu hapo siondoki kwa mtu mpaka mwenyewe abonyeze masta mpya, mimi nikiwa nimegeuka upande wa barabara.

Ukiwa unafanya yote haya, mlango uwe wazi na jiwe mbele yake. Usijaribu namba mpya mlango ukiwa umefungwa na wewe uko nje.

Kuhusu namba yenyewe, nakuomba jambo moja, mama. Wenye nyumba wengi wanachagua tarakimu nne za mwisho za simu yao, na simu hiyo hiyo wameiandika kwa rangi ukutani: "Chumba kinapangishwa, piga simu." Kama na wewe ndivyo, ibadilishe leo. Miaka kama 1961 na 1964 pia nimeikuta mara nyingi mno. Tumia tarakimu sita kama kibao kinaruhusu. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, sita zinatoa 1,000,000. Na uangalie vitufe vyenyewe. Chumvi ya hewa yetu, vumbi na mafuta ya vidole vinaacha alama: vitufe vinne vinang'aa, sita vimefubaa. Anayeziona zile nne zinazong'aa amebakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu, hata dakika kumi haziishi. Kitambaa chenye spiriti kidogo kila wiki kinatosha.

Swali la umeme: si ubovu. Kwa maelezo yako, kitasa chako ni cha sumaku. Sumaku inashika mlango kwa umeme, umeme ukikatika inaachia, na imetengenezwa hivyo makusudi ili moto ukitokea watu wasifungiwe ndani. Kinachokosekana kwako ni betri ya akiba. Mwambie fundi aweke betri ya volti 12 ya 7Ah (yaani inaweza kutoa ampea moja kwa saa saba) pamoja na kifaa chake cha kuchaji, ndani ya boksi, upande wa ndani wa nyumba. Sumaku ya kawaida inakula karibu nusu ampea, kwa hesabu ni saa 14, kwa uhalisia hesabu pungufu ya hapo, hasa betri ikizeeka. Kitufe cha kutokea kwa ndani kisiondolewe kwa sababu yoyote ile. Na usiku, komeo la chuma la kawaida liwepo, lakini mpangaji wa ndani aweze kulifungua bila kuutafuta ufunguo gizani.

Ukimaliza kufuta, ufunge mlango huku mtu mmoja akiwa ndani, wewe utoke nje na ubonyeze ile namba ya zamani. Ikikukatalia kwa mlio, imekufa. Ikifungua, nitumie picha ya kibao na maandishi ya mgongoni mwake, nitakuelekeza hatua kwa hatua kwa kibao hicho hicho.